Gobele moja kwa watoto 14: kisa cha garderi ya sale ya michezo Bukavu

Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, giza limeshaingia na mvua inanyesha, mama mmoja alishuka kwenye pikipiki mbele ya kituo chetu cha afya, komini ya Ibanda, amembeba binti yake wa miaka 3 ndani ya kikwembe. Hakusalimia. Alikifunua kiganja cha mtoto chini ya taa, akaniinamia ili waliokaa kwenye benchi wasisikie.

"Docta, niambie kweli. Hii ni ile ya Kamituga?"

Mwezi ule Bukavu nzima ilikuwa inauliza swali hilo. Aina mpya ya mpox, ugonjwa wa kuambukiza wenye homa na vipele, ile inayoitwa Ib, ilianza kutambuliwa Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu, tangu Septemba 2023. Ilipofika tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeitangaza kuwa dharura ya dunia. Mkoa wetu wa Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, ndio uliokuwa unabeba mzigo mkubwa, na watoto walikuwa miongoni mwa waliougua na kufa zaidi nchini. Chanjo zilikuwa zimeanza kutolewa Goma siku chache tu nyuma, tena kwa watu wazima. Sisi tulikuwa na watoto wetu, mikono yetu na hofu yetu. Isitoshe, baba wa huyu binti ni mfanyabiashara wa dhahabu ambaye hupanda Kamituga kila mwezi. Mama hakuwa anaota ndoto.

Nimeandika kisa hiki kwa sababu ugonjwa wenyewe haukuwa mpox, na kwa sababu msichana wa miaka 19, mlezi kwenye garderi (chumba cha kuangalizia watoto) ya sale ya michezo (jimu), alifukuzwa kazi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Majina yote nimeyaacha. Mimi ni muuguzi, na jambo moja niliseme mapema: hiyo sale ya michezo naijua kwa ndani. Nilikuwa nafanya mazoezi pale Jumamosi, na gobele (kikombe) nitakaloliongelea nililiona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, nikanyamaza.

Kwanza mtoto. Homa ilianza Jumatatu tarehe 14, nyuzi 38.6. Jumanne alikataa kula bukari na sambaza, akawa anatokwa udenda. Jumatano vikatokea vipele viganjani. Mama alishanunua amoksisilini kwenye famasi ya kona, dozi mbili zilikuwa zimeshamezwa. Tulipima malaria, kwa sababu huku kwetu homa haipiti bila kipimo hicho, hakuna kitu. Nikamwomba afungue mdomo. Ndani kulikuwa na vidonda vidogo, vyekundu pembeni na vya kijivu katikati, kwenye ulimi na ndani ya mashavu. Viganjani na kwenye nyayo kulikuwa na malengelenge madogo, mengine yamerefuka kama mbegu ya mchele, yamelala juu juu ya ngozi. Matakoni vipele vyekundu. Usoni hakuna kitu. Shingoni, kwapani na kwenye kinena nilipapasa tezi kwa uangalifu: hazikuwa zimevimba.

Hapo ndipo tofauti inapoanza kuonekana. Upele wa mpox una mizizi. Ukiugusa ni mgumu, umejaa, mara nyingi una kitundu katikati kama kitovu, na tezi huvimba mpaka mtoto anageuza shingo kwa shida. Unachukua wiki mbili hadi nne kumalizika. Nilichokuwa nakiona kilifanana zaidi na ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, ambao huletwa na virusi vya kundi la enterovirusi, hasa coxsackievirus A16 na A6, na wakati mwingine enterovirus A71. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5, na wengi wao hupona wenyewe ndani ya siku saba hadi kumi.

Hata hivyo nilimtaarifu mtu wa zoni ya afya usiku uleule. Wapo wenzangu walioniambia baadaye kwamba nilikuza mambo. Mimi sijutii. Mtoto ana malengelenge, baba anatoka Kamituga, mwezi ni Oktoba 2024: huwezi kumwambia mama "nenda nyumbani, ni kitu kidogo" kwa kutegemea vidole vyako peke yake. Mtoto na mama walilala chumba cha peke yao, asubuhi ya Ijumaa timu ikaja ikachukua sampuli kwa kusugua malengelenge, na Jumanne tarehe 22 jibu likarudi: si mpox. Kati ya Ijumaa na Jumanne ndimo maneno yalimomea miguu.

Nikiwa natengeneza karatasi za taarifa nilimuuliza mama swali la kawaida: mtoto amekutana na nani siku kumi zilizopita? Akanitajia nyumbani, kanisani, na garderi ya sale anakofanya mazoezi. Akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba watoto wengine wawili wa garderi nao walikuwa na homa. Dada yake mkubwa alikuwa amemwambia.

Sale yenyewe iko kwenye mteremko, kama karibu kila jengo la Bukavu. Mbele kuna mashine, katikati ukumbi wa aerobiki, nyuma chumba kilichokuwa stoo, kama mita nne kwa tatu. Chumba hicho kilipakwa rangi, kikawekewa mikeka ya povu ile ya kuunganisha vipande, na beseni kubwa la mipira ya plastiki. Dirisha ni moja, nalo hufungwa ili muziki usiwasumbue majirani. Darasa la akina mama lilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi. Garderi ilikuwa ndani ya bei ya abonema (ada ya uanachama), haikulipiwa peke yake.

Nisieleweke vibaya. Wazo la garderi ni zuri, na linastahili kutetewa. Akina mama waliokuwa wanakuja pale wameamka saa kumi na moja alfajiri, wamefanya kazi ya ofisi au ya duka, wana presha, wana sukari, wengine wamejifungua miezi sita iliyopita na mgongo unawauma. Saa moja ya kutoka jasho bila mtoto kuning'inia mguuni ni dawa kwao. Nakasirika ninaposikia mtu akisema "wangekaa nyumbani na watoto wao". Anayesema hivyo ningependa kumwona akilea watatu kwenye ngazi za Nyawera.

Tatizo lilikuwa maji. Bomba la karibu na chumba cha watoto halikuwepo. Choo na karo vilikuwa upande wa pili, baada ya mashine. Asubuhi kijana mmoja alikuwa akileta bidoni (dumu) moja ya lita 20, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kunywa, ya kufuta mikono na ya kila kitu. Mlezi alikuwa mmoja, na wiki ile ya tarehe 7 hadi 12 Oktoba watoto 14 walipita mikononi mwake. Akibadilisha pampasi, hawezi kuvuka ukumbi kwenda kunawa na kuwaacha wengine wenye miaka miwili mitatu peke yao. Kwa hiyo alitumia alichopewa: chupa ya jeli ya alkoholi, iliyofungwa ukutani tangu siku za korona. Na juu ya bidoni palikuwa na gobele moja la plastiki, la kijani. Mtoto akililia maji anachotewa, anakunywa, gobele linarudi kwenye mfuniko.

Jeli ndiyo iliyowadanganya wote, wenye sale na akina mama pia. Virusi vya korona vimevaa gamba la mafuta. Alkoholi inaliyeyusha gamba hilo, na vinakufa. Enterovirusi havina gamba la mafuta, na norovirusi, ile ya kuhara na kutapika, vilevile. Alkoholi inavipunguza kidogo tu. Kinachoviondoa mikononi ni sabuni na maji yanayotiririka, kwa sababu vinang'olewa na kubebwa na maji. Ukibadilisha pampasi ya mtoto mwenye virusi hivi halafu ukapaka jeli, mkono unanukia usafi na virusi bado vipo. Mkono huohuo unavunja biskuti.

Sasa nije kwenye daftari, maana bila hilo nisingekuwa na kisa cha kuchambua.

Mlezi, bila kuagizwa na mtu, alikuwa na daftari la shule lenye kurasa za mistari. Kila siku aliandika jina la mtoto, saa alipoletwa, saa alipochukuliwa, na jambo lolote lililotokea: "ameanguka", "amekataa biskuti", "pampasi mbili". Alianza kuandika kwa sababu mama mmoja aliwahi kumlaumu kwa mkwaruzo uliotoka nyumbani. Nilimtafuta Jumapili tarehe 20, nikapanda hadi kwao Kadutu, nikalisoma lote nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mama yake.

Jumatatu tarehe 7: watoto 11. Hakuna neno. Jumatano tarehe 9: watoto 12. Kwenye jina la mvulana mmoja wa miaka 2 ameandika: "ana moto, anatoka udenda, hataki biskuti, analia akinywa." Chini yake, kwa kalamu nyingine: "nimewaambia mapokezi." Ijumaa na Jumamosi mvulana hayupo. Jumatatu tarehe 14 hawapo watatu. Jumatano tarehe 16 hawapo watano.

Nilimuuliza mapokezi walimjibu nini. "Mama docta, waliniambia nisisumbue wateja. Mama yake alikuwa ndani ya darasa, na alikuwa amelipa."

Nilikwenda kuzungumza na mama wa yule mvulana pia. Ni mtu mwema, na alinieleza yote bila kuficha. Jumatano mchana mtoto alikuwa na homa, akampa paracetamol ya maji, homa ikashuka, akamleta. Alidhani ni meno. Abonema yake ilikuwa inaisha tarehe 12, alikuwa amekosa wiki moja tayari kwa msiba, na siku zilizopotea hazirudishwi. Aliposikia wengine wameugua alilia mbele yangu. Nilimwambia ukweli: hata kama angebaki nyumbani Jumatano, Jumatatu mtoto alikuwa ameshakuja, na mtoto huanza kuambukiza kabla homa haijaonekana. Asingeuzuia wote. Ila angepunguza.

Kwa jumla, kati ya watoto 14 waliopita garderi wiki ile, pamoja na huyo mvulana, 7 waliugua. Wa mwanzo walianza kuonyesha dalili siku nne hadi saba baada ya Jumatano, na hiyo ni karibu na inavyotarajiwa: kwa kawaida ugonjwa huu hujificha siku tatu hadi sita. Waliofuata walianza kati ya tarehe 18 na 21, na hao walikutana na virusi siku za katikati, wakati bado chumba kinafanya kazi kama kawaida. Nyumbani wakaongezeka wawili: mtoto mchanga wa miezi 7, mdogo wa yule binti wa kwanza, na baba mmoja aliyetokwa na malengelenge viganjani mpaka akashindwa kushika usukani. Watu wanasema ni ugonjwa wa watoto, lakini mtu mzima naye hupatwa.

Hakuna aliyelazwa zaidi ya yule wa kwanza, ambaye tulimweka kwa ajili ya kusubiri jibu. Matibabu ni ya kumtuliza na kumnywesha: paracetamol kwa uzito wake, maziwa na uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) uliopoa kabisa, vijiko vidogo kila mara. Maji ya maracuja (pasheni) hapana, yanachoma vidonda. Aspirini hapana kwa mtoto. Amoksisilini tuliiondoa, haiui virusi. Kila mama nilimpa orodha fupi ya mambo ya kumrudisha mtoto mbio: kutapika bila kukoma, usingizi mzito usio wa kawaida, kushtuka-shtuka akiwa amelala, kupumua haraka, miguu kulegea, au kutokojoa tangu asubuhi hadi jioni. Aina ya A71 ikija inaweza kushambulia ubongo, hivyo huwezi kumwambia mtu "hakuna hatari" ukaishia hapo.

Tarehe 19, Jumamosi, siku moja baada ya timu ya zoni ya afya kuonekana na magauni yao ya kinga, ujumbe wa sauti ulizunguka kwenye simu za akina mama wa Ibanda. Nilitumiwa na watu watatu. Sauti ilisema kwamba "yule msichana wa Kadutu" ameleta mpox garderi. Jioni hiyo mlezi aliambiwa asirudi, na siku zake za mwezi hazikulipwa. Kwenye teksi jirani yao alihama kiti. Yeye hakuwa na kipele hata kimoja. Aliniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu papo hapo: "Jeli ni wao walinipa. Maji ni wao hawakunipa. Kosa langu ni gani?"

Nimefikiri sana juu ya hilo. Watu wanapougua mahali pamoja, tunatafuta mtu mchafu, na aliye rahisi kuonyeshwa kidole ni mfanyakazi wa chini anayetoka mtaa usio na jina zuri. Lakini fuata mwendo wa virusi katika kisa hiki. Vilitoka kwa mtoto wa mteja. Vilipita kwenye gobele lililowekwa na sale, kwenye mikono isiyokuwa na maji, kwenye mipira ambayo haikuoshwa tangu Pasaka, na ndani ya hewa ya dirisha lililofungwa. Mtu mmoja tu katika jengo lile aliona dalili siku ileile na akasema: mlezi. Hakuwa na ruhusa ya kumkataa mtoto mlangoni. Aliyekuwa na ruhusa hakutazama mdomo wa mtoto, alitazama risiti.

Jibu la maabara lilipofika nilienda nalo kwa mwenye sale. Alikuwa na hasira, wateja walikuwa wanadai pesa zao. Tulikaa saa mbili, kochi, yaani mwalimu wa mazoezi wa akina mama, naye akaketi nasi, na ndiye aliyesaidia zaidi kwa sababu wateja humsikiliza. Mwenye sale alitaka kuandika mlangoni "mtoto mgonjwa haruhusiwi mpaka apone kabisa". Nilimkatalia, nikamweleza kwa nini. Virusi hivi hubaki kwenye choo cha mtoto kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Ukisubiri viishe, garderi haitakuwa na watoto, na akina mama wataanza kuficha. Mtoto arudi akikaa siku nzima bila homa na bila dawa ya homa, udenda umekoma, malengelenge yamekauka, anakula. Aliyeharisha au kutapika asubiri siku mbili baada ya mara ya mwisho. Hayo mengine yaachiwe sabuni.

Maji tuliyapata kwa njia ambayo kila mtu wa Bukavu anaijua. Ebola ilipofika Mwenga, Agosti 2019, ndoo za kunawia zenye robine (bomba dogo) zilikuwa kwenye kila mlango wa mji huu. Zilipotoka mlangoni ziliingia jikoni. Mwenye sale alikuwa na mbili, moja inahifadhi maharage. Ziliwekwa ndani ya chumba cha watoto, na beseni chini, na kipande cha sabuni ndani ya soksi ili kisipotee. Beseni la mipira likaondolewa. Vitu vya kuchezea vinaoshwa kwa sabuni kila jioni, kisha vinalowekwa dakika kumi katika javeli (dawa ya klorini), mililita 20 za ile ya asilimia 5 kwa lita moja ya maji, halafu vinasuuzwa. Kila mtoto anakuja na gobele lake lenye jina. Dirisha linafunguliwa, na muziki wa saa hiyo umepunguzwa. Watoto wasizidi wanane kwa mlezi mmoja.

Lililobishaniwa zaidi lilikuwa la pesa: mama akibaki nyumbani kwa sababu mtoto anaumwa, siku zake ziongezwe mwishoni mwa abonema. Mwenye sale aliona ni hasara. Kochi akamuuliza mwezi huu amerudisha pesa za watu wangapi. Akakubali. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililobadilisha mambo kuliko ndoo, kwa sababu limeondoa sababu ya kumpa mtoto paracetamol na kumleta.

Na mlango akapewa mlezi. Anashika paji la uso, anatazama viganja, anaomba mtoto afungue mdomo, na akisema hapana ni hapana, hata kama mama ni mke wa mkubwa. Msichana yuleyule alirudishwa tarehe 4 Novemba, baada ya mimi kumwandikia karatasi kwamba hakuugua wala hakuambukiza mtu. Mshahara wa siku alizofukuzwa alilipwa nusu. Nusu nyingine nimeidai mara tatu.

Mwishoni mwa Novemba simu zikaanza tena. Kucha za binti wa kwanza zilikuwa zinabanduka, mbili za mkono wa kulia, bila maumivu. Halafu za mtoto mwingine. Nilikuwa nimesahau kuwaonya, na ni kosa langu: wiki tatu hadi sita baada ya ugonjwa huu, hasa ukiletwa na A6, kucha za baadhi ya watoto huachia na kudondoka, na nyingine huota chini yake. Mama alinitumia picha usiku wa manane. Nilimwonyesha kwenye picha hiyohiyo ukingo mweupe wa kucha mpya.

Desemba nzima mlezi alirudisha watoto wanne mlangoni. Mmoja alikuwa anaharisha, na kesho yake kaka yake nyumbani naye akaanza. Garderi hakuugua mtu. Daftari liliendelea, sasa la kurasa 200, limenunuliwa na sale. Ukurasa wa mwisho niliousoma ni wa Januari 2025. Mwezi uliofuata vita vilifika Bukavu, sale ikafunga milango, na familia nyingi za daftari hilo zikatawanyika.